Akina Mumbere, Akina Baluku: Majina ya Kwanza Katika Historia ya Kasese na Bwera

Msomaji anayefuatilia habari za wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hukumbana na jambo linaloweza kumchanganya. Mfalme wa Rwenzururu anaitwa Mumbere. Waziri mkuu wa ufalme huo, kwa nyakati tofauti, ameitwa Bwambale, Thembo na Kule. Ukienda katika dayosisi ya Rwenzori Kusini ya Kanisa la Uganda, askofu wa kwanza aliitwa Masereka, na miongoni mwa waliomfuata wamo Thembo na Baluku. Ukivuka mpaka na kuingia Kongo, utasikia habari za waziri aitwaye Mbusa na gavana aitwaye Paluku. Mgeni akisoma habari hizi zote kwa siku moja anaweza kudhani kwamba nyumba moja tu ndiyo inayotawala mlima mzima. La hasha! Hawa ni watu wa nyumba mbalimbali, na baadhi yao hawana uhusiano wowote isipokuwa kwamba mama zao walihesabu watoto kwa utaratibu mmoja.

Katika makala haya tunanuia kuangazia watu mashuhuri wa eneo hili wanaochangia majina ya kwanza, na kuonyesha ni kwa nini mwalimu wa lugha na mwanafunzi wa historia wanapaswa kuyatazama majina hayo kwa makini. Hoja yetu ni moja. Kwa Wakonzo, jina la kwanza la kienyeji hueleza nafasi ya mtu tumboni mwa mama yake, wala halielezi ni mtu gani. Anayeandika historia kwa jina hilo pekee huwachanganya watu, na mara nyingine huwadhulumu.

Utaratibu wa majina

Wakonzo, pamoja na ndugu zao Wanande wa Kivu Kaskazini, huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kwa kawaida mwana wa kwanza wa kiume huitwa Mumbere, au Baluku. Wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo na wa sita Mbusa. Kwa upande wa wasichana, wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu na wa sita Kyakimwa. Yako pia majina ya hali maalumu. Kwa mfano, Muhindo hudokeza mabadiliko, yaani mtoto aliyezaliwa na jinsia tofauti na ya wale waliomtangulia. Hesabu hufuata mama. Mume akiwa na wake wawili, kila mke huanza upya, na hivyo baba mmoja anaweza kuwa na akina Bwambale wawili katika boma moja.

Msomaji wa Kiswahili asione jambo hili kuwa geni. Pwani yetu ina akina Mosi, Pili na Tatu, majina yaliyotoka moja kwa moja katika hesabu. Tuna Kulwa na Doto kwa mapacha, majina yaliyotufikia kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Tuna pia maneno kifunguamimba na kitindamimba, ambayo ingawa si majina ya watu, yanaonyesha kwamba Mswahili naye hujali nani alitangulia na nani alifunga mlango. Warumi wa kale walikuwa na Quintus, wa tano, na Sextus, wa sita. Wajapani wana Ichiro, Jiro na Saburo. Majirani wa Wakonzo, yaani Watooro, wana utaratibu wao uitwao empaako, ambapo majina machache ya heshima kama Akiiki, Amooti na Abwooli hugawanywa kwa watu wote. UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo mwaka 2013 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Tofauti iliyopo ni ya kiwango. Pwani, Pili ni jina mojawapo kati ya majina mengi. Bwera, ukisimama sokoni ukaita "Bwambale!", watageuka wengi.

Mumbere: mfalme na jina la kila nyumba

Mumbere anayejulikana kuliko wote ni Charles Wesley Mumbere, Omusinga wa Rwenzururu. Baba yake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu. Katika miaka ya 1950 Mukirane alishiriki kuanzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Ni vyema walimu walikumbuke jambo hilo: harakati iliyotikisa Uganda ilianza kwa mwalimu aliyetaka historia ya watu wake iandikwe. Wakati huo Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Tooro, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba shuleni na ofisini walilazimika kutumia lugha ya Kitooro. Mwaka 1962 Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya waliwaongoza wenzao kutoka katika baraza la Tooro, na tarehe 30 Juni mwaka huo Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi inayojitegemea.

Mukirane alifariki mwaka 1966 huko mlimani, na mwanawe Mumbere akarithi uongozi akiwa bado mvulana. Mwaka 1982 alishuka kutoka mlimani na kuweka silaha chini kwa makubaliano na serikali ya Obote. Mwaka 1984 alikwenda Marekani, ambako aliishi kwa zaidi ya miaka 20 na kufanya kazi ya kuwasaidia wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee. Wengi waliokuwa wakihudumiwa naye hawakujua kwamba anayewalisha ni mfalme. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake mwaka 2009, na mwezi Oktoba akavikwa taji.

Kisha yakaja ya Novemba 2016. Majeshi ya usalama yalivamia kasri yake mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia za siku hizo, na Mumbere akakamatwa na kufunguliwa mashtaka. Mashtaka hayo yaliondolewa mwezi Juni 2023, na katika mwaka huohuo akarudi Kasese.

Hapa ndipo jina linapotufundisha. Tukisema "Mumbere alikamatwa," kila Mganda anajua tunamkusudia nani. Lakini miongoni mwa watu wa mlima huo, Mumbere ni jina la kila nyumba iliyojaliwa mwana wa kwanza wa kiume. Orodha yoyote ya waliouawa au waliofungwa mwaka 2016, ikiandikwa kwa jina la kwanza tu, itakuwa orodha ya akina Mumbere, Bwambale, Masereka na Kule, nao wafiwa hawataweza kumtambua mtu wao. Kila aliyekufa ana haki ya jina lake kamili. Hilo ni suala la utu kabla ya kuwa suala la uandishi.

Baluku na Paluku: jina moja, njia mbili

Jina Baluku ndilo lenye mzigo mzito zaidi siku hizi. Tangu mwaka 2015, baada ya Jamil Mukulu kukamatwa nchini Tanzania, kiongozi wa kundi la waasi la ADF amekuwa Musa Baluku. Kundi hilo liliingia Uganda kwa silaha mara ya kwanza tarehe 13 Novemba 1996, kupitia Mpondwe, jirani kabisa na Bwera. Baadaye lilihamishia vita vyake Kongo, na tangu mwaka 2014 wilaya ya Beni imezika maelfu ya watu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji walirudi Mpondwe na kuishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Mwezi uleule ambao Mumbere alifutiwa mashtaka, Kasese ilikuwa ikizika watoto wake.

Sasa tutazame Baluku wengine. Nason Baluku ni askofu wa Kanisa la Uganda aliyepewa dayosisi ya Rwenzori Kusini, ambayo waumini wake wanaishi katika vijiji hivihivi. Ng'ambo ya mpaka jina hilo hutamkwa Paluku. Melchisédech Sikuli Paluku alipata uaskofu wa jimbo Katoliki la Butembo-Beni mwaka 1998, na mara nyingi amepaza sauti kuwatetea raia wanaouawa. Julien Paluku Kahongya alikuwa gavana wa Kivu Kaskazini kuanzia mwaka 2007 hadi 2019, kisha akawa waziri mjini Kinshasa. Hivyo basi, aliyeongoza kundi linaloua ni Baluku, anayewaombea waliouawa ni Paluku, na aliyepaswa kuwalinda kwa niaba ya serikali alikuwa Paluku pia.

Walimu wa Kiswahili wana neno lao la kuchunga hapa, nalo ni "akina". Katika sarufi, "akina" hutumika kwa namna mbili. Huweza kumaanisha watu wote wenye jina fulani, kama tunavyosema akina Juma wa darasa hili. Huweza pia kumaanisha mtu fulani pamoja na wenzake, kama tunavyosema akina Juma wamefika, yaani Juma na kundi lake. Mtangazaji wa redio akisema "akina Baluku wameshambulia tena," anakusudia maana ya pili. Msikilizaji wa mbali anaweza kupokea ya kwanza. Mtoto aitwaye Baluku, anayesoma katika shule ya bweni mbali na kwao, ndiye atakayeulizwa maswali siku ya pili. Kosa la sarufi limekuwa shutuma. Dawa yake ni rahisi: sema Musa Baluku, au sema waasi wa ADF, nalo jina la kifunguamimba libaki kwa wenyewe.

Bwambale na Kambale: mpaka uliopita katikati ya jina

Mipaka ya wakoloni iliamuliwa kwa makubaliano ya mwaka 1910, nayo ikaukata mlima vipande viwili. Leo mto Lhubiriha ndio unaotenganisha Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo. Siku za soko watu huvuka na kahawa, vitenge na samaki, na Kiswahili cha Kongo hukutana na cha Uganda juu ya meza moja. Majina nayo yalikatwa, ila hayakufa. Bwambale wa Bwera ni Kambale wa Beni. Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, na Thembo ni Katembo. Biira ni Kavira, Kabugho ni Kavugho, na Ithungu ni Katungu. Masika, Mbambu na Mbusa hupita mpakani bila kubadilika.

Mwanafunzi wa isimu ataona kwamba mabadiliko haya yana utaratibu: kiambishi ka- kinatokea upande wa Kongo katika majina mengi, na sauti b ya upande mmoja inakutana na p au v ya upande wa pili. Mwanafunzi wa historia naye ataona ushahidi kwamba huyu na yule walikuwa watu wamoja kabla ya kuwekewa mawe ya mpaka. Tunapendekeza jozi hizi zitumiwe darasani. Ni mfano mwepesi na wa karibu, usiohitaji vitabu vya gharama.

Upande wa Uganda, miongoni mwa akina Bwambale waliojulikana katika uongozi ni Constantine Bwambale, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwenzururu katika miaka ya mwanzo baada ya ufalme kutambuliwa. Baadaye wadhifa huo ulishikwa na Thembo Kitsumbire, aliyekuwamo wakati wa ghasia za 2016, na kisha Joseph Kule Muranga. Wa pili, wa tano na wa nne, wote chini ya mfalme mwenye jina la wa kwanza! Ungedhani ni mchezo wa kuhesabu, kumbe ni mawaziri watatu waliozaliwa na mama watatu.

Yuko pia Loice Biira Bwambale, aliyekuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kasese na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa ufalme. Jina lake linastahili kuchunguzwa. Biira ni la binti wa pili, na Bwambale ni la mwana wa pili. Mila haimpi mwanamke jina la Bwambale. Ni desturi ya shule, kanisa na ofisi ya serikali, inayodai jina la ukoo, ndiyo iliyoligeuza jina la mpangilio kuwa jina la kurithiwa kwa baba au mume. Siku hizi tunakutana na kijana anayeandikwa Bwambale ingawa yeye si wa pili kwao. Wa pili alikuwa babu yake.

Mbusa: wa sita aliyefika mbali

Mbusa Nyamwisi, jina lake la ubatizo Antipas, ametoka upande wa Wanande. Kaka yake, Enoch Nyamwisi Muvingi, aliyewahi kuwa waziri wakati wa Mobutu, aliuawa mwaka 1993. Mbusa akaingia katika siasa na vita, akaongoza chama cha waasi cha RCD-K/ML chenye makao Beni, na baada ya mapatano ya amani akaingia serikalini mwaka 2003. Mwaka 2007 aliteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika magazeti ya wakati huo aliandikwa "Mbusa" tu, kana kwamba hakuna Mbusa mwingine duniani.

Jambo hili lina sababu ya kihistoria. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo na kuwataka raia wa Zaire watumie majina ya Kiafrika. Kwa Wanande wengi, jina la mpangilio ndilo lililokaa mbele katika hati. Uganda haikuwa na sheria kama hiyo, na Mkonzo akaendelea kutanguliza Charles, Joseph au Loice. Ndiyo maana upande mmoja tunasikia Kambale fulani na Paluku fulani, na upande wa pili tunasikia Charles Mumbere na Nason Baluku. Utaratibu wa mama ni mmoja. Kalamu za karani ndizo zilizotofautiana.

Majina yaliyohifadhiwa

Tukirudi nyuma zaidi tunaona jambo la kufikirisha. Kati ya miaka ya 1919 na 1921 Wakonzo waliwaasi Waingereza na watawala wa Tooro. Viongozi wa uasi huo walinyongwa, na wanakumbukwa hadi leo kwa majina ya Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli. Majina haya hayapo katika ile hesabu ya mama. Hata Mukirane, Kawamara na Mupalya wa mwaka 1962 wanakumbukwa kwa majina yao wenyewe. Kumbukumbu ya watu ilijua kazi yake. Ilipotaka kumtunza mtu asipotee, ilimshika kwa jina ambalo ni lake peke yake, na ile nafasi yake miongoni mwa ndugu ikaachiwa nyumba.

Wito kwa walimu na wanafunzi

Kutokana na maelezo haya tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, katika insha, tasnifu na habari, tuandike majina kamili ya watu wa Rwenzori angalau mara ya kwanza tunapowataja, kisha tuendelee na lile jina linalomtofautisha mtu. Tuseme Kitsumbire, Muranga, Kahongya, Nyamwisi. Pili, tusitafsiri majina haya kuwa tarakimu. Kumwita mtoto "Namba Mbili" kwa sababu anaitwa Bwambale ni kumvunjia heshima. Jina hilo ni zawadi ya nyumba yake, linalomwambia kila siku kwamba alikuja baada ya mmoja na kwamba nafasi yake ilikuwa ikimngoja. Tatu, wanafunzi wetu wanaotoka Kasese, Bwera na Bundibugyo wahimizwe kukusanya maelezo ya wazee juu ya majina haya, pamoja na yale ya mapacha na ya hali maalumu, maana wazee wanaoyafahamu vizuri wanapungua. Mukirane alianza kwa kazi kama hiyo.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Sisi tunaongeza kwamba jina la kila mtu halina wema wala ubaya lenyewe. Linangoja matendo ya mwenye nalo. Mlima wa Rwenzori umezaa Baluku wa bunduki na Baluku wa fimbo ya uchungaji, na kesho asubuhi, katika zahanati fulani kati ya Kasese na Mpondwe, atazaliwa Baluku mwingine. Huyo hana deni la mtu, nasi tunapomwandika katika daftari la shule tumwandike kwa jina lake lote.